Mwongozo wa Kuihakiki na Kuibadili Sensa ya Oksijeni, kwa Mwenye Gari wa Mabatini

Msomaji uliye na gari dogo, na aghalabu gari hilo litakuwa IST, au Vitz, au Premio, maana ukisimama kitambo kando ya barabara ya Nyerere pale Mabatini, Mwanza, ukatazama yanayopanda kuelekea Nyakato na yanayoshuka kwenda mjini hutaona mengi ya namna nyingine, huenda asubuhi moja ukawasha injini ukaiona taa ndogo ya manjano, yenye sura ya injini, imekataa kuzimika baada ya taa nyingine zote kuzimika. Utalipeleka gari kwa fundi, naye atachomeka mashine yake ya kupimia chini ya usukani, asome herufi na tarakimu zilizojitokeza, kisha akuambie pasipo kusita: "Bosi, oksijeni sensa imekufa, leta nyingine." Pengine amesema kweli. Lakini mara nyingi mno siyo kweli, na fundi hakukusudia kukudanganya. Ameliona jina la sensa katika mashine akadhani ametajiwa mhalifu, kumbe aliyetajwa ni shahidi. Kwa hiyo kabla ya kushika spana, na kabla ya kutoa fedha kwa muuza spea, yakupasa kumsikiliza shahidi huyo kwa makini, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu usikilizaji huo. Kazi ya kufungua na kufunga ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa.

Sensa ya oksijeni ni kitu cha kadiri ya plagi, chenye ncha ya chuma iliyotobolewa matundu, nacho hufungwa kwa thredi katika bomba la eksosi ili ncha yake iwe ndani ya moshi utokao katika injini. Ndani ya ncha hiyo mna kikombe chembamba cha kauri ya zirkonia kilichopakwa platini ndani na nje: upande mmoja huguswa na moshi, na upande wa pili huguswa na hewa safi, ambayo katika kila sehemu 100 ina oksijeni sehemu 21. Kauri hiyo ikipata moto wa nyuzi 300 za Selsiasi na zaidi huzaa umeme mdogo kwa kadiri ya tofauti ya oksijeni baina ya pande hizo mbili. Petroli ikizidi, moshi huwa hauna oksijeni, na umeme hupanda kukaribia volti 0.9; hewa ikizidi, oksijeni husalia katika moshi, na umeme hushuka karibu na volti 0.1. Kontroli boksi ya gari husoma kupanda na kushuka huko bila kukoma, ikiongeza petroli kidogo na kupunguza kidogo, ili uwiano usitoke mbali na gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Kwa kuwa moshi peke yake huchelewa kuipasha moto kauri, sensa za siku hizi zimetiwa hita ndani yake, na hita hiyo ndiyo aghalabu hutangulia kufa. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoibuni sensa hii kwa ajili ya magari, na gari la kwanza kuuzwa likiwa nayo lilikuwa Volvo, mwaka 1976, lililokusudiwa soko la California ambako sheria za moshi zilikuwa kali kuliko kwingine.

Mkazi wa Mwanza ana sababu yake mwenyewe ya kuithamini. Gari lililoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam, usawa wa bahari, likaendeshwa zaidi ya kilomita 1,100 kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, huwasili katika mji ulio juu ya bahari kwa takriban mita 1,140, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu kumi katika mia. Katika zama za kabureta safari hiyo ingalihitaji fundi wa kurekebisha mchanganyiko. Leo gari hujirekebisha lenyewe njiani, na sensa hii ni mmojawapo wa wanaoliwezesha kufanya hivyo.

Sasa turudi kwenye zile herufi na tarakimu. Mwombe fundi akuandikie kodi kamili katika karatasi, wala usikubali maneno "ni ya sensa" peke yake, maana kodi hutofautiana mno katika maana. P0135 na P0141 huihusu hita, ya kwanza ikiwa ni hita ya sensa ya mbele na ya pili ya sensa ya nyuma. Hizo kwa kawaida humaanisha kwamba hita imekatika, au waya wake umekatika, au fyuzi imeungua. P0130 hadi P0134 huihusu sensa ya mbele na mkondo wake wa umeme, na miongoni mwake P0133 husema kwamba sensa imekuwa nzito kujibu, jambo ambalo katika gari lililotembea kilomita 100,000 na zaidi kwa sensa ile ile si ajabu. Lakini P0171 maana yake hewa imezidi, na P0172 maana yake petroli imezidi, na katika kodi hizo mbili sensa aghalabu ni mzima wa afya anayetoa habari za ugonjwa wa mwingine. Injini hizi ndogo za silinda nne huwa na sensa mbili kwa kawaida: ya kwanza iko kabla ya masega, yaani kile kisafisha moshi kilicho ndani ya eksosi, na ya pili iko baada yake. Ile ya kwanza ndiyo inayotawala petroli. Ile ya pili hukagua tu kama masega yanafanya kazi, na kwa hiyo mtu aliyeyatoa masega yake akauza, kama wengi walivyoshawishika kufanya, asishangae kuona P0420 ikirudi kila mwezi, wala asinunue sensa ya nyuma kwa ajili yake, kwani hiyo inaeleza kwa uaminifu kwamba masega hayapo.

Yako mambo mawili katika gereji zetu ambayo huiponza sensa kuliko yote, nami nayaeleza kwa urefu kwa kuwa ni mara chache fundi atayataja. La kwanza ni tundu katika eksosi. Barabara za mitaa ya Mabatini, hasa zile zinazopanda kati ya mawe, hazilihurumii bomba la gari lililo chini; bomba hupigwa, mshono wake hufumuka, kisha huchomewa kwa haraka na kuachwa na upenyo usioonekana. Moshi hautoki kwa mfululizo mmoja bali hutoka kwa mapigo, na baina ya pigo na pigo upenyo ule huvuta hewa ya nje kuingia ndani. Sensa iliyo karibu huiona oksijeni ile na kusema hewa imezidi, na kontroli boksi, ikiamini, huongeza petroli pasipo haja. Mwenye gari huona mafuta yanaisha upesi, hubadili sensa, na mafuta huendelea kuisha upesi vile vile. Washa injini asubuhi ikiwa baridi kabisa, uinamie upande wa bomba na kusikiliza: mlio wa "tik-tik" unaokwenda kwa kasi ya injini, na alama nyeusi za masizi kwenye kiungio, ni ushahidi wa kutosha. Ziba tundu kwanza.

La pili ni thamostati. Imekuwa desturi kwamba gari likichemsha mara moja, fundi huitoa thamostati na kuitupa, akisema nchi hizi ni za joto wala hatuihitaji. Ushauri huo hauna msingi. Injini iliyonyimwa thamostati huchelewa kufika nyuzi 80, na pengine haifiki kamwe kwa mtu ambaye safari yake yote ni kutoka Mabatini hadi mjini na kurudi. Kontroli boksi hudhani kwamba injini ingali inapata moto, humimina petroli ya ziada, na ncha ya sensa hufunikwa na masizi meusi. Mashine ile ile ya kupimia inaweza kukuonyesha joto la maji ya injini wakati gari linatembea. Likikaa chini ya nyuzi 80 muda wote, rudisha thamostati, kisha uendeshe gari siku kadhaa kabla ya kuihukumu sensa, maana masizi huungua yenyewe injini ikipata joto lake la haki.

Baada ya hayo huja zamu ya mita ya umeme, ambayo bei yake ni ndogo na kila mwenye gari hana hasara akiwa nayo. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, chomoa soketi ya sensa na upime baina ya nyaya mbili zenye rangi moja upande wa sensa, ambazo ndizo za hita. Katika sensa nyingi za Denso, ambazo Toyota huzitumia sana, nyaya hizo mbili ni nyeusi, wa buluu ni wa habari, na mweupe ni wa kurudishia. Hita nzima ya sensa ya kawaida ya Toyota husoma omu 11 hadi 16 hivi. Mita isiposoma chochote, hita imekatika, na hapo ndipo unaponunua sensa kwa moyo mweupe. Kisha upime soketi ya upande wa gari, injini ikiwa imewashwa, uone kama volti 12 za hita zinafika. Zisipofika, tazama fyuzi, na ufuatilie waya inchi kwa inchi, kwani umewahi kuonekana waya uliotafunwa na panya ukimgharimu mtu sensa mpya mbili.

Habari yenyewe hupimwa injini ikiwa ya moto na soketi imerudishwa, kwa kuingiza pini nyembamba nyuma ya soketi ikaguse waya wa buluu. Shikilia injini katika mizunguko 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika mbili, kisha utazame: sensa nzima itaruka juu na chini baina ya volti 0.1 na 0.9, mara nane au zaidi katika sekunde kumi. Ikikaa chini tu, chomoa kwa hadhari bomba jembamba la hewa lililoingia kwenye maniful na kuziba tundu lake kwa kidole kisha ulifungue, uone kama injini ikibadilika sensa nayo itabadilika. Ikijibu, ni hai, na kosa liko kwingine. Angalizo moja la lazima: baadhi ya magari mapya zaidi yana sensa ya mbele ya namna nyingine, ipimayo uwiano wa hewa na petroli kwa upana, na hiyo hita yake husoma omu chache mno, na volti zake hazifuati kanuni niliyoieleza. Kwa macho zinafanana, na thredi zake zinafanana, lakini moja haiwezi kushika mahali pa nyingine.

Ikiwa umethibitisha kwamba sensa imekwisha, nenda dukani na namba iliyoandikwa kwenye mwili wa sensa yako kuukuu, au namba ya chasisi na ya injini, wala usiende na jina la gari peke yake, kwa kuwa IST mbili zinazofanana rangi zaweza kuwa na injini mbili tofauti. Denso na NTK ni majina yenye kuaminika, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo yanayoigwa. Tazama kama maandishi yamechongwa chumani au yamepigwa chapa ya wino inayofutika kwa kidole. Sensa ya mtumba iliyotolewa katika gari la Japani yaweza kuwa njema au kuwa imebakiza mwezi mmoja, na hakuna jicho linalotofautisha. Mimi singeinunua, ila kama muuzaji atakubali ipimwe hita yake mbele yangu na kurudishwa ikishindwa. Ziko pia sensa zinazouzwa bila soketi, ambazo hukatwa waya na kuunganishwa na soketi ya zamani. Zinafaa, kwa sharti kwamba nyaya ziunganishwe kwa vibanio vya kuminya wala zisichomewe kwa risasi ya kuunganishia, maana katika sensa nyingi ile hewa safi ya kulinganishia hupita katikati ya nyuzi za waya wenyewe, na risasi ikijaa humo sensa hukosa pumzi. Kwa sababu hiyo hiyo usitie grisi wala mafuta katika soketi yake.

Kazi ifanyike mahali tambarare, na katika Mabatini mahali hapo huenda pakakulazimu kutoka nyumbani, kwani nyua nyingi zina mwinamo. Mawe hatuyakosi Mwanza, lakini kazi ya jiwe ni kuzuia gurudumu lisiserereke. Gari lililoinuliwa kwa jeki lishikiliwe na stendi za chuma, na mtu asiingie chini ya gari linalotegemea jeki peke yake au jiwe lililopangwa juu ya jiwe. Usiku wa kuamkia kazi, nyunyizia mafuta ya kulainishia kutu kwenye shina la sensa, mara mbili ukiweza. Asubuhi, washa injini dakika chache ili chuma cha bomba kipate uvuguvugu na kutanuka kidogo, kisha uzime na usubiri hadi mkono uliovaa glovu uweze kukaa karibu bila kuungua. Toa terminali hasi ya betri. Katika injini nyingi ndogo za Toyota bomba la moshi limekaa upande wa nyuma wa injini, kuelekea ukuta wa ndani ya gari, nalo limefunikwa kwa kinga ya bati yenye bolti ndogo. Bolti hizo hukatika kwa urahisi, basi zifungue polepole. Chomoa soketi kwa kubana ulimi wake, usivute waya.

Spana ni ya namba 22, na iliyo bora ni boksi yenye ufa ubavuni wa kupitisha waya. Asiyekuwa nayo, maadamu ameyakinisha kwamba sensa ni ya kutupwa, akate waya na kutumia spana ya duara namba 22, lakini ile spana ya kurekebisha mdomo aiache katika sanduku, maana hula kona za nati na baada ya hapo ni mateso. Ukiona sensa imezunguka kidogo kisha imekaza, usiilazimishe. Irudishe nusu mzunguko, nyunyizia tena, kisha uifungue tena, na hivyo hivyo mbele na nyuma hadi ilegee. Mwenye haraka hutoka na sensa na thredi za bomba pamoja, na hapo hutafutwa tapu ya milimita 18 yenye hatua ya 1.5, au bomba zima lishushwe.

Ikishatoka, itazame ncha yake kwenye mwanga kabla ya kufanya lolote jingine. Masizi makavu meusi ni dalili ya petroli iliyozidi. Weusi wa kahawia wenye unyevu wa mafuta ni dalili ya injini inayokula oili. Unga mweupe ni dalili ya maji ya rejeta yanayoingia katika silinda, au ya gundi ya silikoni yenye harufu ya siki, ile inayopakwa kwa wingi mahali pa gasketi. Mojawapo ya hayo likiwapo, sensa mpya itakufa kwa ugonjwa ule ule usipotibiwa. Zamani palikuwa na sumu nyingine kubwa, nayo ni risasi iliyotiwa katika petroli, lakini nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikwisha kuiacha mwanzoni mwa mwaka 2006. Wako wanaoitia sensa chafu katika petroli au kuipiga brashi ya waya ili kuihuisha. Platini ile ni utando mwembamba mno, na brashi huimaliza.

Sensa mpya ishike mwilini, ncha yake usiiguse kwa vidole. Nyingi huja na dawa ya kuzuia kukwama katika thredi. Isiyokuwa nayo ipakwe kidogo, katika thredi peke yake, tone lisifike kwenye matundu. Ikidondoka sakafuni ihesabu kuwa na shaka, kwa kuwa kauri ya ndani yaweza kuwa imepata ufa usioonekana. Kama waya umeshikamana na mwili, uzungushe kwanza mizunguko kadhaa kinyume cha upande wa kufunga, ili sensa itakapokaza waya uwe umejinyoosha. Ianzishe kwa mkono hadi thredi zishike zenyewe, ndipo utie spana na kukaza kwa kadiri ya nyutonimita 44 katika Toyota nyingi, ambayo ni nguvu ya mkono mmoja juu ya spana ya wastani bila kuongezewa bomba. Chomeka soketi hadi isikike imenasa, ufunge waya katika vishikizo vyake vya asili mbali na eksosi, urudishe kinga ya bati, ndipo urudishe betri.

Futa kodi kwa mashine, au, usipokuwa nayo, terminali ya betri iliyokaa nje wakati wote wa kazi itakuwa imekwisha kuzifuta katika magari mengi, pamoja na saa ya redio. Injini yaweza kutetemeka kidogo ikiwa imesimama, kwa kuwa kontroli boksi imesahau mazoea yake na inajifunza upya. Liendeshe gari kwa mwendo wa namna mbalimbali, kwa mfano kupitia Nyakato na Igoma hadi Kisesa na kurudi, ili lipate milima, foleni na mwendo wa moja kwa moja. Kisha liunganishe na mashine na utazame marekebisho ya petroli ya muda mrefu, ambayo yakiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini ya sifuri hayana lawama. Kwa majuma machache ya mwanzo, hasa wakati wa masika ambapo maji hushuka kutoka vilimani na kujaa barabarani, epuka kulitumbukiza gari lenye moto katika madimbwi ya kina, na waoshaji magari wasielekeze mpira wenye nguvu chini ya injini iliyotoka safarini, kwa maana kauri yenye moto wa mamia ya nyuzi ikipigwa na maji baridi hupasuka.

Sensa kuukuu usiitupe mpaka taa ikae majuma mawili bila kurudi, kwani ikirudi na kodi ile ile utaihitaji namba yake ili ulinganishe na ile uliyouziwa. Na hata taa isiporudi, kata soketi yake pamoja na shubiri moja ya waya uihifadhi, maana sensa ya kuunganisha utakayoinunua siku nyingine, iwe kwa gari hili au la jirani, haiji na soketi.